Padre Lemaître na Nishati Iliyofichika

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Vita Kuu ya Kwanza ilimtoa kwenye masomo ya uhandisi ikampeleka jeshini, kikosi cha mizinga. Aliporudi alisoma hisabati na fizikia, kisha akaingia seminari, na mwaka 1923 akapewa daraja takatifu la upadre.

Mwaka 1927, akifundisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Fikirini taa za wavuvi wa Mbamba Bay usiku: kama Ziwa Nyasa lenyewe lingetanuka, kila mvuvi angeona taa za wenzake wote zikienda mbali naye. Ndivyo yalivyo makundi makubwa ya nyota. Einstein hakuona kosa katika hesabu, lakini aliikataa maana yake. Miaka michache baadaye alikubali.

Hata hivyo, Einstein aliiacha namba moja aliyokuwa ameiweka katika nadharia yake. Padre Lemaître aliitunza, na mwaka 1934 akaifafanua kuwa ni nishati ya anga tupu. Mwaka 1998 wanaastronomia waligundua kwamba kutanuka huko kunazidi kasi. Kinachokusukuma kimeitwa nishati giza, nayo hukadiriwa kuwa asilimia 68 hivi ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Leo baadhi ya wanafizikia wanachunguza kama nishati hiyo ina uhusiano na nyutrino, chembe ndogo mno zinazopita miilini mwetu bila sisi kuhisi. Jambo hilo halijathibitishwa.

Mwaka 1951 Papa Pius XII aliihusisha sayansi ya mwanzo wa ulimwengu na imani katika uumbaji. Padre Lemaître hakufurahia. Hakuwa na shaka juu ya Muumba. Aliona hatari ya kuiegemeza imani kwenye nadharia inayoweza kusahihishwa kesho. Hapa anakutana na Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na kwamba kuumbwa ni kumtegemea Mungu kila nukta.

Kuanzia 1960 aliongoza Taasisi ya Kipapa ya Sayansi. Alifariki tarehe 20 Juni 1966, muda mfupi baada ya kupata habari kwamba mabaki ya mnururisho wa ulimwengu mchanga yamegunduliwa. Nishati giza ikija kueleweka, kwa nyutrino au bila nyutrino, Kanuni ya Imani tunayoikiri Dominika haitabadilika hata neno.