Daktari Dotter na Mshipa Ulioziba

Sisi tunaolima katika Milima ya Upare tunaujua mfereji. Maji hutoka katika ndiva, hufuata mfereji mpaka shambani. Tope likijaa mferejini, mahindi ya chini hukauka hata kama ndiva imejaa. Shamba hatulitupi. Tunazibua mfereji.

Mishipa ya damu ni kama mifereji hiyo. Moyo husukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu. Mafuta yakiganda ndani ya mshipa, njia huwa nyembamba. Mtu akipanda mlima, shavu la mguu humwuma. Akipumzika, maumivu huisha. Baadaye mguu huwa baridi, na hata kidonda kidogo hakiponi. Wavuta sigara na wenye kisukari hupatwa zaidi. Zamani wengi walikatwa mguu.

Daktari aliyeanza kuzibua mishipa ya miguu bila kupasua ni Charles Dotter. Alizaliwa mwaka 1920 mjini Boston, Marekani. Alisomea udaktari, akawa bingwa wa picha za eksirei. Mwaka 1952 alipewa kuongoza idara ya eksirei katika chuo cha udaktari mjini Portland. Umri wake ulikuwa miaka 32 tu.

Alikuwa mtu wa milima. Alipanda vilele vingi vya Marekani vyenye zaidi ya mita 4,200. Shengena yetu ina mita 2,462. Tena alikuwa fundi. Alijitengenezea vifaa vyake mwenyewe, hata kwa nyuzi za gitaa.

Mwaka 1963 alikuwa akipitisha mrija mwembamba katika mshipa wa mgonjwa, ili apige picha. Mrija ukapenya mahali palipoziba, pakafunguka. Hakukusudia hivyo. Mwingine angelisahau jambo hilo. Yeye alilishika.

Tarehe 16 Januari 1964 alimtibu bibi mmoja wa miaka 82. Vidole vya mguu wa bibi huyo vilikuwa vimeanza kuoza. Madaktari walitaka kumkata mguu. Bibi akakataa kabisa. Dotter alipitisha waya mwembamba katika mshipa. Juu ya waya akapitisha mrija, kisha mwingine mnene zaidi. Baada ya muda mfupi tu mguu ulipata joto. Kidonda kikapona. Bibi alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka alipofariki, zaidi ya miaka miwili baadaye.

Je, madaktari wenzake walishangilia? La. Wapasuaji wengi wa Marekani walimdharau, wakamwona kama mwenda wazimu. Waliomsikiliza walikuwa Ulaya. Mwaka 1974 Daktari Andreas Grüntzig, huko Uswisi, alitumia mrija wenye kibofu kidogo. Kibofu kikijazwa, hutanua mshipa vizuri zaidi.

Lakini mshipa uliotanuliwa huweza kujifunga tena. Dotter aliliona hilo pia. Mwaka 1969 alieleza jinsi alivyoweka waya uliosokotwa kama springi ndani ya mishipa ya mbwa, ili njia ibaki wazi. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa stenti, yaani kibomba kidogo cha waya kinachoachwa ndani ya mshipa. Katika miaka ya 1980 watu walianza kuwekewa stenti. Dotter alifariki mwaka 1985.

Hapa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huweka stenti katika mishipa ya moyo.

Kwa mishipa ya miguu, mara nyingi mrija huingizwa juu ya paja. Siku hizi huweza pia kuingizwa kwenye kifundo cha mkono, pale tunapopima mapigo ya moyo. Mwaka 1989 Daktari Lucien Campeau wa Kanada alieleza njia hiyo ya mkono kwa ajili ya kupiga picha za mishipa ya moyo. Ili kufika mguuni, mrija lazima uwe mrefu sana. Hupanda mkono, hupita kifuani, hushuka tumboni mpaka kwenye mguu. Mshipa wa kifundo uko karibu na ngozi, juu ya mfupa. Ukibanwa, damu husimama upesi. Kwa hiyo mgonjwa halazimiki kulala chali kwa saa nyingi. Huketi, hunywa chai, na baada ya muda si mrefu husimama.