Pierre Celis: Muuza maziwa aliyefufua bia ya mji wake, kisha akaipoteza mara mbili

KATIKA kurasa za namna hii tumezoea kusoma habari za marais, majemadari na wapigania uhuru. Leo naomba niwaletee maisha ya mtu ambaye hakuwahi kushika cheo chochote serikalini. Alikuwa muuza maziwa. Hata hivyo, katika ulimwengu wa watengenezaji wa bia jina lake linatajwa kwa heshima kubwa, na kuna aina nzima ya bia ambayo pengine leo isingekuwepo duniani kama si yeye. Huyu ni hayati Pierre Celis wa Ubelgiji.

Nimemchagua kwa sababu moja. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mmewahi kuanza maisha upya, ama baada ya kurudi kutoka ukimbizini, ama baada ya mtaji kuishia mpakani. Mzee Celis naye alianza upya, tena zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho alikuwa na umri ambao wengine hukaa nyumbani kusubiri wajukuu. Hata kwa msomaji asiyekunywa pombe, naamini habari zake zina faida.

Celis alizaliwa tarehe 21 Machi 1925 katika mji mdogo wa Hoegaarden, mashariki ya Brussels. Alikulia katika mazingira ya ng'ombe na maziwa. Jirani na kwao kulikuwa na kiwanda kidogo cha bia cha Tomsin, na tangu ujana wake alikuwa akienda huko kusaidia kazi. Hakuajiriwa kama mtaalamu wala hakusomea chuo cha utengenezaji wa bia. Aliangalia tu jinsi wazee walivyofanya, akayaweka kichwani.

Bia iliyotengenezwa hapo ilikuwa ni ile waliyoiita bia nyeupe. Ilipikwa kwa ngano mbichi pamoja na kimea cha shayiri, ikatiwa mbegu za giligilani na maganda makavu ya machungwa machungu. Haikuchujwa, hivyo ilikuwa na rangi ya ukungu uliofifia, yenye uchachu kidogo na harufu ya matunda. Ukitaka kuielewa vizuri, fikiria pombe yetu ya mtama au ya ndizi. Ilikuwa kinywaji cha kijijini, cha kunywewa kikiwa kipya, na ikipita siku zake ilikuwa haifai tena.

Mji wa Hoegaarden ulikuwa na historia ndefu ya kazi hiyo, na hapa wafanyabiashara wa mpakani watanielewa haraka. Kwa karne nyingi mji huo ulikuwa chini ya utawala wa askofu wa Liège, wakati ardhi iliyouzunguka ilikuwa ya watawala wa Brabant. Kwa maneno mengine, ulikuwa kisiwa cha utawala mmoja ndani ya nchi ya utawala mwingine. Hali hiyo iliwapa wapishi wa bia nafuu ya kodi ambayo jirani zao hawakuwa nayo, na katika karne ya 18 mji huo mdogo ulikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 30. Wafaransa walipoichukua nchi hiyo mwaka 1795 na kuufuta mpaka wa zamani, nafuu hiyo ikaisha.

Baadaye likaja pigo kubwa zaidi. Bia ya rangi ya dhahabu, iliyochujwa ikang'aa, inayonywewa baridi na kukaa muda mrefu bila kuharibika, ilienea Ulaya nzima. Ndiyo mama wa bia tunazozijua sisi kwenye kreti zetu. Viwanda vikubwa vya bia hiyo vilikuwa na mitambo ya kisasa, magari na fedha za matangazo. Vita kuu mbili navyo vikavidhoofisha viwanda vidogo. Kimoja baada ya kingine vikafunga milango, hadi Tomsin, kilichokuwa cha mwisho kupika bia nyeupe Hoegaarden, nacho kikafunga katika miaka ya 1950. Bia iliyopendwa na mababu ikawa imekufa.

Wakati huo Celis alikuwa na biashara yake ya kusambaza maziwa nyumba kwa nyumba. Wazee wa mji, walipokutana kwenye baa, walikuwa wakiikumbuka ile bia yao ya zamani. Celis aliwasikia. Alikuwa miongoni mwa watu wachache waliobaki ambao walijua ilivyopikwa, kwa kuwa mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshiriki. Akapata mkopo kutoka kwa baba yake, akatafuta vyombo vilivyotumika, na katikati ya miaka ya 1960 akaanza kupika karibu na nyumbani. Mwaka 1966 bia nyeupe ya Hoegaarden ikarudi sokoni.

Watengenezaji wengi wa wakati ule waliona ni upuuzi. Nani atanunua bia yenye ukungu wakati bia safi inapatikana kila kona? Lakini wateja waliitaka. Baada ya wazee wakaja vijana, hasa wanafunzi wa mji wa karibu wa Leuven, ambao walikuwa wamechoka na vitu vya viwandani vinavyofanana. Waliipenda bia hiyo katika bilauri yake nzito yenye pande sita. Miaka ya 1970 ilipokwisha, mahali pa mwanzo palikuwa pamejaa, ndipo Celis akanunua kiwanda cha zamani cha soda mjini hapo na kuhamishia kazi humo. Kampuni yake aliiita De Kluis. Muuza maziwa akawa tajiri, na Hoegaarden ikajulikana tena nje ya mipaka ya mji.

Mwezi Oktoba 1985 moto ulizuka kiwandani. Sehemu kubwa iliteketea. Hapo ndipo lilipoonekana tatizo ambalo halikuwahi kumsumbua katika siku za neema, yaani bima aliyokuwa amekata ilikuwa ndogo kuliko thamani ya mali iliyoungua. Wenzake wa viwanda vingine vya Ubelgiji walimpa msaada, lakini kujenga upya kulihitaji fedha nyingi. Aliyekuwa nazo ni kampuni kubwa ya Artois ya Leuven, iliyokuwa ikitengeneza bia ya Stella Artois. Ikatoa fedha, nayo ikapewa hisa.

Kwa maoni yangu, maisha ya kiwanda hicho yalibadilika siku hiyo ya hisa kuliko siku ya moto. Moto uliteketeza majengo, lakini hisa zilileta mwenye kauli mwingine ndani ya nyumba. Mwaka 1988 Artois iliungana na kampuni ya Piedboeuf na kuwa Interbrew. Mshirika ambaye Celis alimjua sasa alikuwa kampuni kubwa zaidi yenye hesabu zake. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba walitaka kubadilisha namna ya kupika ili bia iwapendeze watu wengi zaidi na gharama zipungue. Hakukubaliana nao, lakini hakuwa na nguvu ya kuwazuia. Hatimaye akauza hisa zilizobaki, akaondoka. Jina la mji wake, kwenye chupa, likawa mali ya wengine.

Mtu mwingine angepokea fedha hizo na kupumzika. Celis, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 65, alivuka bahari akaenda Marekani, katika mji wa Austin, jimbo la Texas. Aliuchagua mji huo kwa sababu, pamoja na mambo mengine, maji yake yanatoka kwenye mawe ya chokaa kama yale ya Hoegaarden, na mpishi wa bia anajua kwamba maji ndiyo sehemu kubwa ya kinywaji chake. Akishirikiana na binti yake Christine, akafungua kiwanda mwaka 1992 na kutoa bia iliyoitwa Celis White. Kwa kuwa jina la Hoegaarden halikuwa lake tena, safari hii aliweka jina la ukoo.

Wakati aliofika ulikuwa mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani, nchi kubwa namna ile, ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, kwani vikubwa vilikuwa vimevimeza vidogo. Kisha watu wakaanza kufungua viwanda vidogo vya kupika kwa ustadi, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa vimezidi 1,000. Wamarekani waliipokea Celis White kwa furaha, na ikapata medali katika mashindano yao. Wapishi wengi vijana walijifunza kutoka kwake. Mwaka 1995 kampuni kubwa ya Coors nayo ilitoa bia yake ya ngano ya mtindo wa Ubelgiji, iitwayo Blue Moon.

Lakini kiwanda kinachokua kinakula fedha. Kufikisha bia kwenye majimbo mengi kunahitaji magari, mawakala na matangazo. Mwaka huohuo wa 1995 kampuni ya Miller, mojawapo ya kubwa kabisa Marekani, ilinunua sehemu kubwa ya hisa za kiwanda cha Celis. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri: mzee atoe ujuzi, Miller itoe soko. Kwa vitendo, bia ndogo ya mji mmoja ilikuwa mtoto wa kambo katika nyumba yenye watoto wakubwa. Pia soko la viwanda vidogo lilijaa, na vingi vikaanza kufungwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 Miller ikakifunga kiwanda cha Austin. Jina la Celis likauzwa kwa kampuni ya Michigan. Mzee akawa amepoteza jina la mji wake, kisha la ukoo wake.

Sitaki kuwalaumu wakubwa peke yao. Bila magari na fedha za Interbrew, huenda Hoegaarden ingebaki bia ya Ubelgiji na Uholanzi tu, wala wengi wasingeijua. Celis mwenyewe alitia sahihi mikataba yote miwili akiwa na akili timamu. Ninachosema ni kwamba aliingia kwenye mazungumzo hayo akiwa mwenye shida. Mara ya kwanza alikuwa amesimama juu ya majivu, mara ya pili alikuwa na kiwanda kilichohitaji fedha ambazo hakuwa nazo. Mwenye shida hapangi bei.

Mwezi Novemba 2005 kampuni ya InBev, iliyozaliwa mwaka uliotangulia Interbrew ilipoungana na AmBev ya Brazil, ilitangaza kwamba itafunga kiwanda cha Hoegaarden na kuhamishia kazi Jupille, mji mwingine wa Ubelgiji. Wafanyakazi na wananchi waliandamana. Wengi walidhani kampuni kubwa namna ile haiwezi kurudi nyuma. Lakini kupika bia hiyo mahali pengine na kupata ladha ileile kulileta taabu, na mwaka 2007 kampuni ikabadili uamuzi. Bia nyeupe ikaendelea kupikwa pale ilipozaliwa.

Celis aliyaona hayo akiwa amesharudi kwao. Katika uzee wake hakuacha kazi. Alishirikiana na kiwanda cha St. Bernardus cha Watou, magharibi mwa Ubelgiji, akawapa ujuzi wake wa bia nyeupe, na bia hiyo inatengenezwa hadi leo. Alijaribu pia bia ya kukomazwa ndani ya mapango. Alifariki dunia tarehe 9 Aprili 2011 akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka uliofuata, kampuni ya Michigan iliposhindwa kuendelea, binti yake Christine alifanikiwa kulirudisha jina la Celis kwenye familia, na mwaka 2017 akafungua tena kiwanda Austin.

Mwaka 2016 kampuni iliyotokana na Artois, ambayo sasa inaitwa AB InBev, iliinunua SABMiller, na kwa njia hiyo viwanda vya TBL vya Tanzania na Nile Breweries vya Uganda vikaingia katika nyumba moja na Hoegaarden. Mfanyabiashara aliyekuwa akivusha kreti za Kilimanjaro au Nile Special mwaka huo alikuwa, pasipo kujua, akiuza bia za ndugu wa ile ya muuza maziwa.

Kwetu wapo akina mama wanaopika pombe ya mtama au ya ndizi inayosifiwa tarafa nzima, na wapo vijana waliorudi na ufundi walioupata ugenini. Siku moja mmoja wao atapata mtu wa kumwekea fedha. Namshauri akate bima inayolingana na mali yake kabla ya kupanua banda, na kabla ya kutia sahihi aulize kwa maandishi jina litabaki kuwa la nani siku washirika watakapoachana. Ujuzi wa Celis ulivuka naye bahari na kurudi naye, na hakuna aliyeweza kuununua wote. Jina lilichukuliwa kwa karatasi moja.