Jacqueline Cochran: Mwanamke wa kwanza kuipita kasi ya sauti

MNAMO Mei 18, 1953, juu ya jangwa la Mojave katika jimbo la California, Marekani, ndege ya kivita aina ya Sabre ilipanda hadi futi 45,000, ikapinduka na kuanza kuporomoka kuelekea ziwa kavu la Rogers huku injini yake ikinguruma kwa nguvu zote. Katika mporomoko huo ndege iliipita kasi ya sauti. Aliyeshika usukani alikuwa mwanamke aliyetimiza umri wa miaka 47 wiki moja tu awali. Alijulikana kama Jacqueline Cochran, na kabla yake hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kufanya hivyo.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Aliyekuja kuwa Jacqueline alizaliwa mwaka 1906 kaskazini mwa jimbo la Florida, akaitwa Bessie Lee Pittman, kitinda mimba wa familia maskini iliyohamahama kufuata ajira katika viwanda vya mbao. Aliolewa akiwa bado msichana mdogo na kijana aliyeitwa Robert Cochran, wakapata mtoto wa kiume. Mwaka 1925 mtoto huyo, akiwa na umri wa miaka minne, alikufa kwa kuungua moto. Ndoa nayo ilivunjika.

Kuanzia hapo Bessie alijiumba upya. Alijifunza ususi, akahamia New York na kupata kazi katika saluni ya Antoine iliyokuwa ndani ya duka la kifahari la Saks. Alijipa jina la Jacqueline, akalibakiza la mume, na kuwasimulia watu kwamba yeye ni yatima aliyelelewa na wasamaria, na kwamba jina la Cochran alilichagua tu kutoka kitabu cha nambari za simu. Hadithi hiyo aliishikilia mpaka kaburini. Wazazi na ndugu zake aliwasaidia kwa fedha, lakini hadharani hakukiri kuwa ni damu yake. Waliochunguza maisha yake baada ya kifo chake ndio waliofukua ukweli.

Mwaka 1932, kwenye karamu mjini Miami, alikutana na Floyd Odlum, mmoja wa matajiri wachache ambao anguko la uchumi la 1929 liliwaongezea mali badala ya kuwafilisi. Cochran alimweleza kuwa alitaka kuanzisha biashara yake ya vipodozi. Odlum alimshauri ajifunze kurusha ndege, kwani katika hali ngumu ya wakati ule angehitaji kuwafikia wateja wengi kuliko washindani wake. Alikwenda uwanja wa Roosevelt, Long Island, na baada ya majuma matatu tu akawa na leseni ya urubani. Biashara ilianza mwaka 1935. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Odlum, na kuanzia hapo hakukosa fedha wala marafiki wenye mamlaka.

Ni rahisi kusema kwamba pesa za mume ndizo zilizompaisha. Zilimsaidia, hilo halina ubishi, ila pesa hazimfundishi mtu kuongoza ndege usiku kucha katikati ya dhoruba. Mnamo 1934 alishiriki mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, lakini ndege yake ikamlazimu kujiondoa mjini Bucharest. Mwaka 1938 alishinda mashindano ya Bendix, yaliyovuka Marekani kutoka Burbank hadi Cleveland, akiwashinda wanaume kwa kutumia muda wa saa 8 na dakika 10.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, aliomba kuipeleka Uingereza ndege ya kutupa mabomu aina ya Hudson. Marubani wa kiume walinung'unika. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa ajabu: Juni 1941 aliruhusiwa kuiongoza ndege hiyo juu ya Bahari ya Atlantiki, ila wakati wa kupaa na kutua ilimbidi amwachie usukani mwanamume. Hata hivyo aliingia katika historia kama mwanamke wa kwanza kuvusha ndege ya aina hiyo katika bahari hiyo.

Aliporejea nyumbani alianza kuwashawishi wakuu wa jeshi kwamba wanawake wanaweza kurusha ndege za kijeshi ndani ya nchi ili wanaume waende vitani. Matokeo yake yalikuwa kikosi cha marubani wanawake kilichofahamika kama WASP, ambacho alikiongoza kuanzia Agosti 1943. Zaidi ya wanawake 25,000 waliomba kujiunga; waliohitimu walikuwa 1,074. Walihamisha ndege kutoka viwandani hadi kambini, wakazijaribu zilizokarabatiwa, na kuvuta shabaha angani huku askari wanafunzi wakizifyatulia risasi za kweli. Wenzao 38 walipoteza maisha. Kwa kuwa sheria iliwahesabu kama raia, waliokufa hawakuzikwa kwa heshima za kijeshi, na serikali haikugharamia kusafirisha miili yao.

Cochran alipigania kikosi hicho kiingizwe rasmi jeshini, lakini Bunge la Congress lilikataa na Desemba 20, 1944 kikavunjwa. Haki ya kutambuliwa kama maveterani ilipatikana mwaka 1977. Jambo moja halina budi kutajwa hapa: hakuna mwanamke Mwafrika-Mmarekani hata mmoja aliyekubaliwa katika kikosi hicho, ingawa kulikuwa na walioomba wakiwa tayari na leseni, akiwemo Janet Harmon Bragg wa Chicago. Cochran alihofia kuwa kuwapokea kungewapa maadui wa kikosi chake sababu nyingine ya kukipinga.

Baada ya vita dunia ya urubani ilibadilika kwa kuingia injini za jeti. Sauti husafiri kwa takriban kilomita 1,225 kwa saa karibu na usawa wa bahari, na kwa kilomita 1,060 hivi kule juu kwenye baridi kali. Ndege inapoikaribia kasi hiyo, hewa iliyo mbele yake hukosa nafasi ya kupisha. Hurundikana, ndege hutikisika na usukani huweza kukataa kutii. Septemba 1946 rubani Mwingereza Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwenye kiwanda maarufu cha ndege, alikufa baada ya ndege yake ya majaribio kuvunjika vipande karibu na mahali Mto Thames unapoingilia baharini. Kuna waliodhani kwamba mwanadamu amefika mwisho. Kisha, Oktoba 14, 1947, Kapteni Charles Yeager wa jeshi la wanahewa la Marekani aliipita kasi ya sauti kwa ndege ya roketi aina ya X-1.

Cochran alimfanya Yeager kuwa rafiki. Wakati huo rekodi ya kasi kwa wanawake ilishikiliwa na Mfaransa Jacqueline Auriol, mkazamwana wa Rais Vincent Auriol, na Cochran hakuwa mtu wa kulala usingizi akiwa nafasi ya pili. Tatizo lilikuwa ndege. Jeshi la Marekani halikumruhusu raia, tena mwanamke, kuchukua Sabre yake. Alikwenda kwa jirani: kiwanda cha Canadair cha Kanada, kilichounda ndege hizo kwa kibali, kilimwajiri kama mshauri na kupeleka Sabre moja California. Yeager alimfunza, akaruka naye sambamba katika ndege nyingine akimwelekeza kwa redio.

Siku hiyo ya Mei 18, licha ya kuipita kasi ya sauti, aliweka rekodi ya kilomita 1,050 kwa saa katika mzunguko wa kilomita 100. Auriol naye alivuka mpaka wa sauti Agosti mwaka huo huo, na wanawake hao wawili wakaendelea kunyang'anyana rekodi kwa miaka kumi. Mei 1964, akiwa na miaka 58, Cochran aliendesha ndege ya F-104 kwa kilomita 2,300 kwa saa, zaidi ya maradufu ya kasi ya sauti.

Si kila alichokigusa kilifaulu. Mwaka 1956 aligombea kiti cha Congress kwa tiketi ya chama cha Republican akashindwa na Dalip Singh Saund, mzaliwa wa India. Pigo hilo lilimuuma sana.

Lakini doa kubwa zaidi katika maisha yake halikutokana na kushindwa. Miaka ya 1960 na 1961 daktari Randolph Lovelace aliwapima marubani wanawake kwa vipimo vile vile vya afya walivyopitia wanaanga wa kwanza wa Marekani. Wanawake 13 walifaulu. Cochran na mumewe walichangia gharama za vipimo hivyo. Mpango ulipokatizwa, Jerrie Cobb, aliyekuwa wa kwanza kupimwa, alipeleka malalamiko Congress. Julai 1962 Cochran aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ndogo. Alieleza kuwa haoni ubaguzi wowote, kwamba si busara kuharakisha jambo hilo, na kwamba fedha nyingi za kuwafunza wanawake zingepotea wakishaolewa.

Wapo wanaomtetea kwa kusema alikuwa amejifunza katika siku za WASP kwamba mpango usio na idhini ya wakuu hauna maisha. Wapo pia wanaoamini kwamba hakutaka mwanamke mwingine afike mahali ambapo yeye, kwa umri na afya yake, hangeweza tena kufika. Maelezo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Jambo lisilo na shaka ni kwamba neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mwanamke yeyote katika urubani, na aliliweka upande wa wapinzani. Mwaka mmoja baadaye Valentina Tereshkova wa Umoja wa Kisovieti aliizunguka dunia. Wamarekani walisubiri hadi Juni 1983, Sally Ride aliporuka. Mmoja wa wale 13, Wally Funk, alifika angani mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 82.

Maradhi ya moyo yalimzuia Cochran kurusha ndege katika miaka yake ya mwisho. Alistaafu kutoka jeshi la akiba la wanahewa mwaka 1970 akiwa na cheo cha kanali. Odlum alifariki mwaka 1976. Yeye alimfuata Agosti 9, 1980, nyumbani kwake Indio, California, akazikwa katika bonde la Coachella. Uwanja wa ndege wa eneo hilo ulipewa jina lake mwaka 2004. Si jina alilopewa na wazazi wake, bali lile alilojipa mwenyewe.