Mtakatifu Benedikto na Mkate wa Romano

Mtu akitaka kutoka Madimba, kule pwani ya Mtwara karibu na mlango wa mto Ruvuma, aende Ndanda kufanya mafungo, safari yake huanzia mchangani, na mwisho wake ni chini ya milima ya uwanda wa Makonde, penye abasia ya Wabenediktini. Lakini kabla ya safari kuna swali gumu nyumbani. Ni nani atakayeokota korosho? Nauli itatoka wapi? Tena mke aachwaye na watoto aweza kuuliza kwa haki: kukaa kimya siku kadhaa ni sala, au ni kukimbia kazi? Swali hilo si la dharau, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Afadhali tumtazame mtu aliyekwenda mlimani zamani sana, ambaye wenyeji wa abasia ile huishi kwa kanuni yake.

Benedikto alizaliwa yapata mwaka 480 huko Nursia, katika nchi ya Italia, katika jamaa ya watu wenye cheo. Dola ya Roma upande wa magharibi ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 476. Alipelekwa Roma kusoma, lakini alipoona mwenendo wa vijana wenzake aliogopa asije akapotea pamoja nao, akaacha masomo na urithi wake. Akafika Subiako, penye milima na magenge, akaingia katika pango jembamba, akakaa humo miaka mitatu.

Hapo twaomba wasomaji wetu waangalie jambo moja linalosahauliwa mara nyingi. Kijana yule aliishi kwa chakula gani? Papa Gregori Mkuu, aliyeandika habari zake mwishoni mwa karne ya 6, atueleza kwamba mmonaki mmoja wa karibu, jina lake Romano, alimpa vazi la kitawa na kuitunza siri yake. Kisha Romano alikuwa akijinyima sehemu ya mkate wake mwenyewe, na siku walizoagana huuteremsha gengeni kwa kamba ndefu iliyofungwa kengele ndogo. Basi ukimya wa Benedikto ulikuwa na gharama, na aliyeilipa kwa njaa yake ni mtu mwingine.

Wala tusidhani ya kuwa pangoni alipata raha. Vishawishi vilimfuata huko huko, hata siku moja alijitupa katika miiba ili aishinde tamaa. Baadaye wamonaki wa mahali pengine walimsihi awe abate wao. Alikataa, kisha akakubali. Nao walipoona kwamba hawaachii kuishi watakavyo, walimtilia sumu katika divai. Aliibariki kwa ishara ya msalaba, chombo kikapasuka. Hakulipiza kisasi, aliwaaga kwa upole, akarudi Subiako. Ndipo wanafunzi walipomjia wengi, akajenga monasteri 12, kila moja yenye wamonaki 12.

Yapata mwaka 529 alihamia Monte Cassino, mlima uliokuwa na hekalu la kipagani, akajenga juu yake monasteri yake mashuhuri. Huko aliandika Kanuni yenye sura 73. Ndani yake sala, masomo na kazi ya mikono vina saa zake. Wagonjwa watunzwe kabla ya mambo yote. Mgeni apokewe kama Kristu mwenyewe. Na vyombo vya kazi vichukuliwe kwa heshima kama vyombo vya altare. Tazama basi: kijana aliyewakimbia watu amekuwa mzee ajengaye nyumba yenye mlango wa kuwapokea. Hayo ndiyo matunda yanayoonyesha kwamba pango lile halikuwa la uvivu.

Hata hivyo alibaki na somo moja, naye alifunzwa na umbu lake, Skolastika. Walikuwa wakionana mara moja tu kwa mwaka. Mara ya mwisho alimwomba wazungumze habari za mbinguni hata asubuhi, naye akakataa kwa ajili ya Kanuni. Skolastika akainamisha kichwa akasali, na mara ikanyesha mvua kubwa, kaka yake asiweze kutoka. Siku ya tatu baadaye Skolastika akafa. Benedikto akamzika katika kaburi alilojitengenezea mwenyewe, naye akamfuata yapata mwaka 547, akifa amesimama katika sala, wanafunzi wake wakimshika mikono.

Wana wake walifika nchini kwetu mwaka 1888. Walijenga Lukuledi mwaka 1895, wakaipoteza katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakaanza tena Ndanda mwaka 1906. Wagonjwa wangapi wa kusini wamelazwa katika hospitali ya pale! Nayo, ukiifuata asili yake hata mwanzo, imetoka katika pango la Subiako na mkate wa Romano.

Sasa twaweza kurudi Madimba. Mke yule aliuliza vema. Mafungo yafanywayo ili kuukwepa mzigo wa nyumba hayana baraka, na mwezi wa mavuno si mwezi wa kuwaachia wengine jasho lote. Lakini yule aendaye akijua ni nani anayemteremshia mkate, akarudi mpole, mwaminifu na mwenye kufanya kazi, huyo amewafungia jamaa yake yote. Nasi tungependa kuongeza neno moja kwa akina baba: mwaka ujao, kamba ishikeni ninyi. Baki na watoto, pika, okota korosho, na mama yao naye aende mlimani.