Alan Turing na Mashine ya Kufundishwa

Alan Turing alizaliwa mjini London, Uingereza, mwaka 1912. Tangu utotoni alipenda mno hesabu na sayansi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alibuni mtambo uliosaidia kufumbua maandishi ya siri ya majeshi ya Ujerumani.

Mwaka 1950 aliandika makala yenye swali lililowashangaza wengi: je, mashine yaweza kufikiri? Alieleza kwamba badala ya kuunda mashine yenye akili za mtu mzima, ni afadhali kuunda yenye akili za mtoto, kisha kuifundisha. Ikipatia, ituzwe, ikikosea, iadhibiwe. Yeye mwenyewe alijaribu, akafaulu kuifundisha mambo machache tu. Kompyuta za siku hizo zilijaza chumba kizima, lakini uwezo wake ulikuwa mdogo sana.

Turing alifariki mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 41. Mwaka 2016, programu iitwayo AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, katika mchezo wa kale wa go. Ilikuwa imejifunza kwa kutazama michezo ya watu, kisha kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe mara nyingi mno, ikituzwa kila iliposhinda.