Jukwaa Lililomzaa Lucy, na Deni Letu kwa Vitimbi

Wamarekani wana desturi moja ninayoihusudu. Kipindi cha televisheni kikishapendwa na umma, hawatosheki kukitazama tu. Hurudi nyuma wakauliza kilizaliwa vipi, nani alikipinga na nani alikipigania, kisha wakaifanya hadithi hiyo kuwa tamthilia ya jukwaani. Ndivyo walivyokifanyia kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy. Mwaka 2018 Gregg Oppenheimer, mwana wa Jess Oppenheimer aliyekuwa mtayarishaji na mwandishi mkuu wa kipindi hicho, alitoa tamthilia inayosimulia jinsi kilivyoundwa.

Huenda msomaji wangu wa Kericho au Bomet akauliza mambo ya Lucy yanamhusu nini mchuma chai. Namkumbusha kwamba sisi si wageni wa mambo hayo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipofika Kapkatet na vyombo vyake vya kunasa sauti, alikuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, ambaye hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sauti yake ilitufikia kwa santuri. Tulimpokea, tukampa jina letu, tukamfanya kiumbe wa ngano zetu. Basi na tumpokee Lucy pia, kwa maana maisha yake yana funzo linalotugusa penye kidonda.

Lucille Ball alizaliwa tarehe 6 Agosti 1911 katika mji wa Jamestown, jimbo la New York. Baba yake, fundi wa nyaya za simu, alifariki kwa homa ya matumbo binti akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Malezi yakawaangukia mama yake na jamaa wa mama. Babu yake, Fred Hunt, alikuwa mpenzi mkubwa wa maonyesho, akawa akimchukua mjukuu wake kwenda kuwatazama wachekeshaji waliozunguka kutoka mji hadi mji. Hapo ndipo mbegu ilipopandwa.

Mbegu hiyo haikuota upesi. Alipokuwa na miaka ipatayo kumi na mitano alipelekwa chuo cha uigizaji jijini New York, lakini walimu wake wakamwona mwenye haya mno na wakamwarifu mama yake kwamba fedha zake zilikuwa zikipotea bure. Msichana akarudi nyumbani, kisha akajaribu tena, akawa mwonyesha mavazi, akaugua kwa muda mrefu, akapona. Mwaka 1933 alifika Hollywood na kupewa nafasi ndogondogo. Aliigiza katika filamu nyingi, lakini kwa miaka mingi hakuhesabiwa miongoni mwa nyota wa daraja la kwanza.

Mwaka 1940, katika kutengeneza filamu, alikutana na Desi Arnaz, kijana wa Kuba. Baba yake Arnaz alikuwa meya wa Santiago hadi mapinduzi ya mwaka 1933 yalipoipokonya familia hiyo mali na cheo. Kijana akawa mkimbizi huko Miami, akafanya vibarua, hata cha kusafisha vizimba vya ndege, kabla ya muziki kumwinua. Wawili hao walioana Novemba mwaka huohuo. Arnaz alizungumza Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kihispania, na lafudhi hiyo ndiyo kiini cha hadithi yetu.

Mwaka 1948 Lucille Ball alianza kuigiza mke mcheshi katika kipindi cha redio cha shirika la CBS. Kilipopendwa, shirika likataka kukihamishia kwenye televisheni. Yeye akaweka sharti: mume wake wa kipindini awe mume wake wa nyumbani. Wakubwa wa shirika wakasita. Walidai kwamba watazamaji wasingeweza kuamini kuwa mwanamke Mmarekani ameolewa na Mkuba anayesema Kiingereza kwa lafudhi ile. Na hali walikuwa wamekwisha kuishi katika ndoa kwa miaka kumi!

Je, walijibu vipi? Hawakwenda mahakamani wala hawakuandika malalamiko magazetini. Walilirudia jukwaa. Katika kiangazi cha mwaka 1950 walitengeneza mchezo wao wa vichekesho na nyimbo, wakafundishwa mbinu na Pepito, mchekeshaji wa Kihispania, wakazunguka miji wakiigiza mbele ya watu wa kawaida walionunua tikiti zao. Watu walicheka, wakapiga makofi, wala hakuna aliyedai kurudishiwa fedha kwa sababu ya lafudhi. Hoja ya wakubwa ikavunjwa na kicheko cha umma. Sehemu ya mchezo ule iliingizwa katika kipindi cha majaribio, na tarehe 15 Oktoba 1951 I Love Lucy ikaanza kuonyeshwa.

Hata kilipoingia televisheni, kipindi hicho hakikulisahau jukwaa. Waliigiza mbele ya watazamaji walioketi studioni, huku kamera tatu za filamu zikinasa mchezo kwa pamoja. Shirika lilipolalamikia gharama, wenyewe wakakubali kupunguziwa malipo ili wabaki na umiliki wa filamu hizo. Kipindi kiliendelea hadi mwaka 1957, na filamu zile zikarudiwa na kuuzwa tena na tena. Wawili hao waliachana mwaka 1960. Mwaka 1962 Lucille Ball alinunua hisa za Arnaz katika kampuni yao ya Desilu, akawa mwanamke anayeongoza kampuni kubwa ya utayarishaji, jambo ambalo wakati ule lilikuwa adimu. Aliiuza mwaka 1967. Arnaz alifariki mwaka 1986, naye Lucille Ball akafuata tarehe 26 Aprili 1989.

Katika habari zote za kipindi hicho kuna moja inayonikaa moyoni. Waandishi wake waligundua kwamba mhusika mwingine yeyote akiikejeli lafudhi ya mume, watazamaji walinyamaza. Lucy akiikejeli, walivunjika mbavu. Kwa nini? Kwa sababu watazamaji walijua kwamba Lucy alimpenda. Mzaha kinywani mwa mwenzi ni utani. Kinywani mwa mgeni ni tusi.

Hapo ndipo ninapotaka tulitazame eneo letu la chai. Tangu mashamba makubwa yaanze kupandwa Kericho katika miaka ya 1920, kambi za wafanyakazi zimekuwa mahali pa lafudhi nyingi: Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo, Mluhya, kila mmoja akikivuta Kiswahili upande wa kwao. Katika miaka ya 1980 na 1990 nilikuwa miongoni mwa waliobanana mbele ya televisheni moja katika ukumbi wa shamba kutazama Vitimbi. Tulimcheka Mzee Ojwang na Kiswahili chake cha Kijaluo, tukamcheka Makokha, tukamcheka Masanduku arap Simba. Kila kabila lilichekwa kwa zamu, na kila kabila lilicheka.

Na Ojwang huyo alikuwa nani? Alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015. Mkikuyu aliivaa lafudhi ya Mjaluo kwa mapenzi makubwa kiasi kwamba wengi hawakujua kuwa ameiazima, na Wajaluo wenyewe wakampokea kama wa kwao. Akiwa na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alitupa ndoa ya kuigiza ambayo taifa zima liliiamini. Kile ambacho wakubwa wa CBS walidhani hakiwezekani, wasanii wetu walikifanya kila wiki kwa vifaa haba na malipo haba zaidi.

Kisha ikaja Januari 2008. Mashambani mwetu wafanyakazi waliotoka sehemu nyingine, hasa Wakisii, walikimbia makambi usiku wakiwa na watoto mgongoni. Lafudhi ileile iliyotuchekesha pamoja jioni ikawa alama ya kumtambua wa kufukuzwa. Sisemi kwamba vichekesho vingetuzuia. Kicheko hakizimi moto wa siasa. Ninalosema ni kwamba tulikuwa na ushahidi, uliotengenezwa na wasanii wetu wenyewe, kwamba inawezekana kumcheka jirani bila kumchukia, na ushahidi huo hatukuuthamini.

Mimi binafsi sijapata kuona tamthilia ya jukwaani inayosimulia kuzaliwa kwa Vitimbi. Nani alimfundisha Wanjau kuwa Ojwang? Mazoezi ya mwanzo yalikuwaje? Nani alisita, na nani alishikilia? Majibu yamo vifuani mwa wazee wachache, na wazee hawangojei. Tamasha la drama la shule limekuwapo nchini tangu mwaka 1959, na kila mwaka walimu wetu hutafuta hadithi mpya. Hii hapa. Na ninapendekeza iigizwe kwanza hapa Kericho na Bomet, katika kumbi za mashamba ya chai, mbele ya watoto wa waliokimbia na watoto wa waliobaki, waketi benchi moja.

Lucille Ball na mumewe walipoambiwa kwamba watu hawataikubali lafudhi, walikwenda kuwauliza watu wenyewe. Nasi tuwaulize wetu, kabla hadithi haijapotea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kicheko nacho ni mali.