Swami Kuvalayananda, Mpimaji wa Pumzi



Baadhi yenu hutuuliza kwa nini alfajiri twaketi ukumbini, macho tumeyafumba, tukivuta pumzi na kuitoa kana kwamba hatuna kazi nyingine. Mazoezi hayo huitwa pranayama. Miongoni mwa watu wa kwanza kuyachunguza kwa vipimo vya kisayansi ni Jagannath Ganesh Gune, aliyezaliwa Dabhoi, Gujarat, tarehe 30 Agosti 1883, ambaye baadaye alijulikana kama Swami Kuvalayananda.

Alikua fukara, akasoma Baroda. Mwaka 1919 alifika Malsar, kando ya mto Narmada, akawa mwanafunzi wa Paramahamsa Madhavdas. Huko alijionea mambo ya ajabu ambayo mwili uliofunzwa huweza kuyafanya. Wengine wangetosheka na kustaajabu. Yeye alikwenda hospitali ya Baroda, akatumia eksirei kutazama kinachotokea tumboni.

Mwaka 1924 alianzisha Kaivalyadhama huko Lonavla, pamoja na jarida la Yoga Mimamsa. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Wapenzi wa yoga walijigamba kwamba pranayama huujaza mwili oksijeni nyingi. Alipoipima hewa inayoingia na kutoka, aliona dai hilo halisimami. Mwalimu wa yoga angeweza kulinyamazia jambo kama hilo, yeye alilichapisha. Faida, alieleza, imo katika kuzifunza neva na katika mabadiliko ya msukumo ndani ya mwili.

Wanaoanza aliwaonya wasikimbilie kubana pumzi. Wavute taratibu, na muda wa kutoa ufikie maradufu ya ule wa kuvuta. Mimi, niliyevuta vumbi la pamba kiwandani hapa Bariadi kwa miaka mingi, nilidhani mapafu yangu yamekomaa. Nikabana hadi kizunguzungu kikanilaza mkekani, wajukuu wakacheka.

Mwaka 1927 Mahatma Gandhi aliwasiliana naye kwa barua kuhusu afya yake. Swami alifariki tarehe 18 Aprili 1966, na Kaivalyadhama ingali yafundisha.

Darasa letu huanza saa 12 asubuhi. Jirani wa dini yoyote anakaribishwa. Aje tumbo likiwa tupu, na mwenye maradhi ya moyo au pumu amwone daktari kwanza.